Ua la Kinamasi na Kijana wa Miaka 21

Wengi wetu tuliosoma jiografia tulishaupanda Mlima Kilimanjaro kwenye karatasi ya mtihani. Kwa miguu ni habari nyingine kabisa. Mwezi wa sita darasa letu lilikwenda ziara ya mafunzo ya siku moja, kutoka geti la Marangu mpaka kituo cha Mandara na kurudi. Boom lilikuwa limeshakata zamani, viatu nilivyovaa niliazima kwa mwenzangu wa chumbani, na nusu ya njia nilikuwa nawaza chakula tu.

Kaka aliyekuwa anatuongoza alitupandisha kidogo juu ya Mandara, pale msitu unapoanza kuachia na nyasi kushika nafasi. Kulikuwa na kijito, na kando yake ardhi chepechepe, ile ukikanyaga vibaya kiatu kinabaki. Hapo ndipo nilipoliona hilo ua. Bua moja refu lisilo na tawi, linanifika kiunoni. Kichwani limejaa vijiua vingi vyembamba kama mirija, vinaning'inia kuelekea chini, vya juu vina wekundu wa chungwa na vya chini vimeiva njano. Majani marefu yamekunjika katikati kama mfereji. Ndege chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, alikuwa anahama kutoka bua hadi bua akinyonya utamu, wala hakutujali.

Nikauliza jina. Kaka yetu akanitajia jina la kisayansi bila kusita, Kniphofia thomsonii, maana alilikariri alipokuwa anasomea uongozaji wa watalii. Kniphofia limetokana na Kniphof, daktari wa Kijerumani wa mji wa Erfurt aliyeishi karne ya 18. Thomsonii ni la Thomson. Thomson gani? Akacheka, akaniambia ni yuleyule wa swala tomi.

Wanachuo wenzangu, nakiri mbele yenu kwamba miaka yote nilidhani swala tomi ni jina tu, kama vile mtu anavyomwita mbuzi wake Tomi. Tuliporudi chuoni niliingia maktaba kumtafuta huyo jamaa. Nilitegemea kukuta mzee wa Kizungu mwenye ndevu hadi kifuani. Nilikuta kijana ambaye alipokabidhiwa msafara wa watu 150 katikati ya pori la Tanzania alikuwa na miaka 21. Mimi nina 22.

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa fundi mawe, baadaye akamiliki machimbo ya mawe, na Joseph alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume. Alikulia kwenye vumbi la mawe, akiokota mabaki ya viumbe wa kale na kuyapenda kuliko kazi yenyewe. Akiwa mtoto alisoma habari za Livingstone mpaka akawaomba wazazi wake waende kumtafuta, au wamruhusu yeye aende. Alipokua akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma jiolojia chini ya profesa Archibald Geikie, na akafanya vizuri.

Alipomaliza hakuwa na kazi. Hapo nadhani tunaelewana. Akasoma gazetini kwamba Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London inamtuma mchora ramani mmoja, Keith Johnston, kwenda Afrika Mashariki kutafuta njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Thomson akaandika barua kuomba aende naye, hata bila mshahara. Wakamchukua awe mtaalamu wa miamba, mimea na wanyama. Kwa lugha yetu ya leo, jamaa alipata field.

Mwanzoni mwa mwaka 1879 walifika Unguja. Walikaa miezi kadhaa kujiandaa, wakapanda hadi Usambara kufanya mazoezi ya safari, na Thomson akaanza kujifunza Kiswahili. Kitu cha maana kuliko vyote walivyofanya Unguja kilikuwa kumwajiri kiongozi wa wapagazi, James Chuma.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu bila Chuma hadithi hii inaishia njiani. Chuma alikuwa Myao, mzaliwa wa upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1861, akiwa mtoto, alikuwa kwenye msafara wa watumwa uliokutana na Livingstone na wamisionari wenzake, wakaachiwa huru. Baadaye alisomeshwa Bombay, India, kisha akarudi Afrika pamoja na Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi ndio waliowaongoza wenzao kuubeba mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Alishafika Uingereza, akarudi. Mwaka 1879 hapakuwa na watu wengi duniani waliojua kuendesha msafara kama Chuma. Alijua lugha, alijua hongo ya kila nchi, alijua mpagazi gani anaumwa kweli na yupi anategea.

Mwezi Mei 1879 msafara ulitoka Dar es Salaam kuelekea kusini magharibi. Ulikuwa wakati mbaya, mvua zimejaza mabonde na njia ilikuwa maji na matope. Keith Johnston akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Walimbeba kwa machela mpaka kijiji cha Behobeho, ambacho leo kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tarehe 28 Juni akafariki. Walimzika hapohapo.

Sasa jiweke mahali pa Thomson. Mkuu wa safari amekufa. Wewe ndiye Mzungu pekee aliyebaki, homa nawe inakutafuna, Kiswahili chako bado cha kuchechemea. Nyuma yako Dar es Salaam haiko mbali sana, na ukigeuza hakuna atakayekulaumu. Mbele kuna nchi ya Wahehe, ambayo watu wote waliiogopa.

Mimi nimeonja kipande kidogo sana cha hali hiyo. Mwaka jana kwenye TP, wiki ya pili tu, mwalimu mlezi wangu alipata msiba akasafiri, nikaachiwa kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya 80. Siku tatu za mwanzo nilijifanya najua kila kitu. Nilipaza sauti, nilibadilisha ratiba, nilimnyamazisha kiranja wa darasa alipotaka kunielekeza. Darasa likanishinda. Siku ya nne nilimwita yule kiranja, nikamwomba anieleze mwalimu huwa anafanyaje. Kumbe kila kitu alikuwa nacho, kuanzia makundi, zamu, hadi nani hasikii vizuri akae mbele. Kuanzia hapo tukaenda.

Thomson alikuwa na akili kunizidi, yeye hakusubiri siku ya nne. Aliamua kuendelea na safari, na akamwachia Chuma aongoze kazi ya Chuma. Yeye alishika dira, nyundo ya miamba na daftari. Akipishana na wapagazi, Chuma aliwapatanisha. Wakipita kwa mtemi, Chuma alijua cha kusema. Walipita Uhehe bila vita, wakafika Ziwa Nyasa mwezi wa tisa na Ziwa Tanganyika kabla mwaka haujaisha. Alipotaka kuvuka kwenda mbali zaidi hadi Mto Kongo, wapagazi walikataa, na akakubali kurudi. Njiani akaliona Ziwa Rukwa. Katikati ya mwaka 1880 msafara ukarudi pwani, na karibu watu wote waliotoka Dar walirudi wazima, jambo ambalo kwa misafara ya wakati ule lilikuwa ajabu. Hakuna kijiji walichokichoma. Hakuna mtu aliyepigwa risasi ili wapite.

Thomson alipenda methali moja ya Kiitaliano yenye maana ileile ya polepole ndio mwendo. Na ndicho hicho wagumu wa Kilimanjaro, yaani wapagazi wa leo, wanachokuimbia kila unapojaribu kukimbia mlimani.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwajiri aende Mto Ruvuma kuchunguza habari za makaa ya mawe. Barghash alikuwa na ndoto ya utajiri. Thomson akaenda, akachunguza, akarudi na jibu ambalo mwajiri hakulitaka, kwamba hapakuwa na makaa ya kuchimba, ni mwamba mweusi tu. Angeweza kuzunguka maneno akaongezewa mkataba. Alisema kweli, na Sultani akakasirika. Mwaka uliofuata, 1882, Chuma alifariki Unguja kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka ya thelathini na kitu tu.

Safari iliyompa Thomson jina ilikuwa ya mwaka 1883. Jumuiya ya London ilitaka njia ya kutoka Mombasa kupita nchi ya Wamasai hadi Ziwa Victoria. Alianza mwezi Machi, akafika Taveta, kisha akapanda Moshi kwa Mangi Rindi, anayejulikana zaidi kwa jina la Mandara. Mandara hakuwa mtu wa kudanganywa kwa shanga. Alizitazama zawadi za kwanza akaona hazimfai, na Thomson akalazimika kuongeza za maana. Ndipo akaruhusiwa kupanda mlima. Alitaka kufika juu na kurudi siku hiyohiyo (kama sisi!), akakata msitu mpaka karibu mita 2,700, akachoka, akageuza. Kituo cha Mandara kiko mita 2,720 na kina jina la mangi huyo. Kwa hiyo njia aliyopita ilikuwa nyingine, lakini kimo tulichofikia sisi wa viatu vya kuazima ndicho alichofikia yeye.

Kutoka hapo mambo yakawa magumu. Wamasai walikuwa wamepishana na msafara mwingine wa Mzungu uliotangulia na damu ilikuwa imemwagika, hivyo Thomson akajikuta anasubiriwa kwa hasira. Alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wangeona aibu. Alirudi nyuma usiku, akaenda hadi Mombasa, akajipanga upya. Aliporudi alijiunga na msafara wa Juma Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani ambaye alishaizunguka nchi ya Wamasai miaka mingi na kujulikana huko. Kitabu cha Thomson kinasomeka kama mtu mmoja akifungua njia. Ukweli ni kwamba njia ilikuwa ipo, na wenye njia walikuwa Wamasai wenyewe na wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani.

Humo njiani kuna visa vya kuchekesha. Thomson alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayachomoa na kuyarudisha mbele ya watu ili aonekane mganga. Alikuwa pia na Eno, hiihii tunayokunywa tumbo likijaa baada ya wali wa kantini, akiitia majini inachemka povu na watu wanashangaa. Vinachekesha, lakini mwalimu mtarajiwa ndani yangu haviridhiki. Ni ujanja wa mtu anayetegemea wenzake wasijue.

Alipita Naivasha, akapanda Laikipia, akauona Mlima Kenya. Safu ya milima ya Nyandarua akaiita Aberdare, jina la rais wa Jumuiya iliyomtuma. Maporomoko ya Mto Ewaso Narok pale Nyahururu, yenye urefu wa mita 74, yakaitwa kwa jina lake. Mwezi Desemba 1883 alifika ufuko wa Ziwa Victoria. Tarehe 31 Desemba, siku ya kufunga mwaka, alimpiga nyati risasi, akamsogelea akidhani amekufa, na nyati akamrusha hewani kwa pembe. Alipona, kisha ugonjwa wa kuhara damu uleule uliomuua Johnston ukamlaza karibu na Naivasha kwa wiki nyingi. Wapagazi ndio waliombeba, kama walivyombeba Johnston. Katikati ya mwaka 1884 walimfikisha pwani akiwa hai.

Kwenye mizigo hiyo waliyoibeba kulikuwa na kitu chepesi kuliko vyote, mimea iliyokaushwa katikati ya karatasi. Thomson aliikusanya kwenye nyanda za juu alizopita, kuanzia Kilimanjaro hadi Naivasha na Laikipia. Ilipelekwa bustani ya Kew, London. Hooker, mtaalamu mkubwa wa mimea, aliitazama akaona jambo la kushangaza. Mimea mingi ya milima yetu ina ndugu zake Ethiopia, milima ya Kameruni na Afrika Kusini, kana kwamba vilele hivi ni visiwa vya baridi kwenye bahari ya joto. Ua letu ni mfano mzuri, kwa sababu ndugu wengi wa jamii ya Kniphofia wako Afrika Kusini. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kew aliyeitwa Baker akalipa jina la Thomson. Mwaka mmoja kabla, swala alishapewa jina hilohilo.

Ua hilo linaota kutoka Ethiopia, linashuka Uganda na Kenya, Mlima Elgon, Nyandarua na Mlima Kenya, linagusa mashariki ya Kongo, na huku kwetu linaishia kaskazini mwa Tanzania. Halipendi joto la chini. Linataka baridi ya juu na mizizi iliyolowa, kando ya vijito, kwenye majani yenye maji na vinamasi vya milimani.

Mwaka huohuo wa 1885 kitabu cha Thomson kilitoka na akapewa medali ya dhahabu ya Jumuiya. Alikuwa na miaka 27. Baada ya hapo maisha yake yanasikitisha kuyasoma. Alitumwa Sokoto, Nigeria ya leo, kuchukua mikataba kwa ajili ya kampuni ya Waingereza. Mwaka 1888 alipanda milima ya Atlas, Moroko. Mwaka 1890 alikwenda kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes kutafuta mkataba wa Katanga, nchi ya Msiri yenye shaba. Ndui iliushika msafara, hakufika. Mwili wake haukupona tena baada ya safari hiyo. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, Julai 1895, Uingereza ilitangaza nchi aliyoipitia kuwa himaya yake. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Mwaka 1904, kisha 1911, Wamasai wakawekewa mikataba iliyowatoa kwenye malisho yao, na ya mwaka 1911 ikawaondoa Laikipia. Thomson hakumpiga mtu risasi ili apite, hilo ni kweli na namheshimu nalo. Lakini ramani aliyoichora kwa upole ilitumiwa na watu wasio wapole, na yeye mwenyewe miaka ya mwisho alikuwa amebeba karatasi zao mkononi. Mambo haya mawili nimeyaweka pamoja wiki nzima, na sijaona namna ya kulitumia moja kulifuta lingine.

Narudi kwenye kinamasi. Kile kijito kidogo ni sehemu ya maji yanayoshuka kwenye mifongo ya Wachaga, mifereji waliyoichimba wenyewe zamani kabla ya Thomson kukanyaga Moshi, na yanaendelea hadi Mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu. Oktoba 2020 moto ulianza juu ya Mandara kwenye njia hiyohiyo tuliyopita, ukala sehemu kubwa ya nyasi na vichaka vya mlima. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na wanachuo walikuwemo. Kaka yetu alikuwepo. Alituonyesha vichaka vilivyoungua vikiwa bado vimesimama vyeusi, akatuomba tusikanyage ukingo wa kijito, kwa sababu udongo ule ukikanyagwa sana unafunguka, maji yanakimbia, na ua linaondoka pamoja nayo.

Tulikuwa tumeshaanza kushuka nilipokumbuka kumuuliza kama kwao wanaliita jina gani. Alisema bibi yake alikuwa na jina lake, ila yeye alilisahau alipokuwa anakariri la Kilatini kwa ajili ya mtihani. Hakulisema kwa kulalamika, alilisema kama mtu anayetaja ada aliyolipa.

Mwezi ujao nakwenda TP ya pili. Nimeshaandika andalio la somo la kwanza. Tutatoka nje ya darasa hadi bonde lenye maji lililo karibu na shule, kila mwanafunzi atachora mmea mmoja, atakwenda nao nyumbani kwa bibi au babu, na kesho yake atarudi na jina. Jina la Kilatini nitaliandika mimi ubaoni, mwisho wa kipindi, chini ya hayo mengine.